Shoka la Moto na Akili Bandia: Nani Apimwe?

Swali la jinsi akili bandia iliyofichwa ndani ya mwili wa binadamu itakavyotambuliwa huchukuliwa aghalabu kuwa la ugenini. Hata hivyo, aliyekulia kati ya Malindi na Kilifi amelisikia tangu utotoni, ila kwa majina mengine. Katika simulizi za pwani, jini hujigeuza mwanamke mzuri, akaumbuliwa na kwato zinazochungulia chini ya buibui. Katika ngoma ya pepo, mwili ni wa jirani anayejulikana, lakini asemaye ndani yake ni mwingine. Mganga humtambua kwa kumhoji jina lake, atokako na atakacho.

Mahojiano hayo yanakaribiana na pendekezo la mwaka 1950 la Alan Turing, mwanahisabati Mwingereza, kwamba mashine ipimwe kwa mazungumzo pasipo kuonekana. Lakini akili iliyovishwa mwili wa kweli haitakuwa na kwato, na iliyofunzwa maneno ya watu itajibu kama watu. Basi watakaoshukiwa ni wanadamu wasiofanana na wenzao: asiyecheka, anayerudiarudia neno, mkongwe aliyesahau jina la mwanawe.

Hapo ndipo Kilifi inapotoa funzo chungu. Wagiriama walikuwa na kiraho cha shoka la moto, ambapo mshukiwa aliguswa kiganjani na kuungua kwake kukawa ushahidi. Katika miaka ya karibuni, wazee wa kaunti hiyo wameuawa kwa tuhuma za uchawi, "dalili" zikiwa mvi na macho mekundu. Wengine wamekimbilia hifadhi ya Kaya Godoma, Ganze. Mvi huletwa na umri, na macho huweza kuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Nyuma ya tuhuma hizo, mara nyingi, umekuwapo ugomvi wa shamba. Anayekusudia kuona kilichofichika hakosi dalili.

Makala haya yanashikilia kwamba mzigo wa ushahidi usitwikwe mshukiwa. Tofauti na uchawi, akili bandia ina muundaji, karakana, fedha na kumbukumbu za kazi. Njia ya haki ya kuigundua ni kufuata nyayo za aliyeiunda na kumlazimisha kisheria kuitangaza. Yamkini atatokea wa kusema kwamba muundaji mwerevu atajificha. Na iwe hivyo: ni heri mashine moja ihesabiwe miongoni mwa watu kuliko mtu mmoja kuuawa kwa kudhaniwa mashine.

Riwaya ya Kiswahili haigeni safari za kubuni. Katika *Walenisi* (1995), Katama Mkangi alimpeleka Dzombo hadi ulimwengu mwingine. Mwandishi atakayelishika suala hili asihangaike mno na siri iliyomo mwilini mwa mshukiwa. Amtazame yule aliyeshika shoka, amuulize ni nani aliyempa, na shamba linalogombewa ni la nani.