Mzee Hukwe Hapimwi kwa Kinanda

Tangu Pendo na Leah, binti na mjukuu wa marehemu Hukwe Zawose, watoe albamu yao ya Maisha mwaka 2024 wakijiita The Zawose Queens, ubishi wa zamani umefufuka Bagamoyo. Mzee Hukwe alikuwa mwimbaji mkubwa kweli, au ni sifa za kuvumishwa tu? Jibu langu ni fupi: alikuwa mkubwa, na wengi wanaombeza hawajakaa chini wakamsikiliza.

Wapo wanaosema hakuwa mtu wa Pwani. Ni kweli, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alifika huku kwa njia ya Kikundi cha Ngoma cha Taifa, ambacho kilizaa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, hiki tunachokiita TaSUBa leo. Alifundisha hapa, akalea ukoo mzima wa wanamuziki hapa, na hapa ndipo alipofariki Desemba 2003. Mji uliojengwa na wageni wa misafara unamuuliza mtu kabila lake?

Wengine wanadai ukubwa wake ulitengenezwa na Wazungu, kwa kuwa kampuni ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel ndiyo iliyotoa albamu za Chibite mwaka 1996 na Assembly mwaka 2002. Walimsaidia kufika mbali, sikatai. Lakini Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960, wakati huyo Gabriel bado anavaa sare za shule Uingereza.

Wanaomtetea nao wananichosha. Wao kila siku ni sauti ya okteva tano, okteva tano, kana kwamba uimbaji ni mashindano ya kupanda mnazi. Hata angekuwa na mbili, ningesema haya haya.

Hoja inayonikera hasa ni ya walimu wa kwaya, maana inatolewa kwa sauti ya kitaalamu. Wanasema Mzee Hukwe "alitoka nje ya ufunguo". Mmoja aliniwekea wimbo wake kwenye simu, akabonyeza kinanda pembeni, akanitazama kama hakimu aliyemaliza kesi.

Piga uzi mmoja wa zeze. Ndani ya mlio wake mna milio mingine midogo, inayopanda kwa mpangilio ambao hakuna mtu aliyeubuni: wa pili unatikisika mara mbili ya ule wa chini, wa tatu mara tatu, wa nne mara nne, na kuendelea. Wagogo wamejenga ngazi yao ya muziki juu ya milio hiyo, kuanzia wa nne kwenda juu. Sasa, mlio wa saba, ambao ndio unaoupa muziki wao ladha yake, uko chini ya sauti iliyo jirani nao kwenye kinanda kwa takriban theluthi moja ya nusu toni. Wa tano nao uko chini kidogo. Mafundi wa Ulaya ndio walioisogeza milio hiyo, ili kinanda kimoja kiweze kupigwa katika funguo zote. Walikuwa na sababu zao nzuri. Lakini kilichosogezwa ni kinanda, halafu leo kinaletwa kuwa shahidi dhidi ya mtu ambaye hakusogea!

Isitoshe, ilimba, ala ya vyuma aliyoipiga akiimba, aliitengeneza na kuilinganisha sauti mwenyewe. Ilikuwa na vyuma vya kupiga, na vingine ambavyo havikuguswa na kidole, kazi yao kutikisika tu wenzao wanapolia. Ala ya namna hiyo haimfichii mwimbaji kosa. Koo likilingana na chuma, milio miwili huwa mmoja. Likipishana nacho hata kidogo, milio hupigana na sikio likasikia mtikisiko. Katika Chibite, Mzee Hukwe anaanzia juu kabisa, kwa sauti nyembamba, anashuka hadi kwenye mkoromo wa kifuani, na kila anapotua anatua palepale chuma kilipo. Mimi huo ugomvi wa milio sijausikia. Anayeusikia anionyeshe ni dakika ya ngapi.

Tena muwe waangalifu na kipimo. Luciano Pavarotti, mwimbaji mashuhuri wa tenori wa Italia, alisemwa mpaka alipofariki mwaka 2007 kwamba kusoma nota kulimpa shida. Lakini hakuna Mgogo aliyefunga safari hadi kwao Modena, ilimba mkononi, kumwambia kwamba sauti yake imepinda. Angefanya hivyo tungemcheka. Huyu wetu wa kinanda tunamwita mtaalamu.

Ukisema humpendi Mzee Hukwe, nitakuelewa, masikio hayalazimishwi. Ukisema hakujua kuimba, basi hujui alikuwa anaimba nini, na cheti chako cha muziki hakikusaidii.

Walimu wa kwaya, kuanzia Bunju hadi Bagamoyo mjini, zimeni kinanda kwa nusu saa, sikilizeni Chibite yote, kisha njooni tubishane.