Mshale uko 50, lakini 50 gani?

Ukiingia Mtwapa au Malindi mjini, sheria ya Kenya inataka usizidi kilomita 50 kwa saa. Unaangalia dashibodi, mshale uko 50. Unajiona raia mwema kabisa. Sasa kama gari lako lilitoka Uingereza, hebu tazama tena. Hizo ni maili. Uko kilomita 80, na watoto wa shule wanavuka.

Wengi wetu tumezoea gari za Japani, na Wajapani hutumia kilomita kama sisi. Lakini siku hizi wenye pesa (na wenye mkopo) wanataka Range Rover. Uingereza usukani uko kulia kama huku, kwa hivyo gari likiwa halijapita miaka minane linashuka bandarini Mombasa bila maneno. Namba za dashibodi nazo zinakuja vilevile zilivyo.

Najua utaniambia kuna zile za kilomita zimeandikwa kwa ndani, ndogo ndogo. Haya, usiku kati ya Matsangoni na Gede, lori limekumulika taa kali usoni, utazisoma saa ngapi?

Hesabu yenyewe si ngumu: maili moja ni kilomita 1.6. Ukienda 40 ya maili mjini ukidhani uko chini ya 50, uko 64. Umezidisha 14, na faini yake ni Sh3,000. Faini italipwa, lakini nguvu ya kugonga haiongezeki kidogo kidogo kama mwendo. Gari la kilomita 80 linagonga kwa nguvu zaidi ya mara mbili na nusu ya lile la 50. Anayetembea kwa miguu kando ya barabara hana habari na maili zako.

Madalali nao wanafurahia. Gari limeandika 60,000, unaambiwa "bado mbichi hii". Kwa kilomita ni karibu 97,000, babangu.

Huku Pwani neno maili halijatutoka, ukanda wa maili kumi wa Sultani bado unatusumbua kwenye mambo ya mashamba. Hiyo ni historia. Vibao vya barabarani ni vya kilomita, na vidhibiti mwendo vya matatu vinafungwa kwa kilomita 80.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja tu. Magari ya mtumba hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, kupitia kampuni zinazopewa kandarasi na KEBS. Hapo hapo, gari ambalo dashibodi yake haisomi kilomita kwa namba kubwa lisipande meli. Mengi ya kisasa ni kubonyeza tu kwenye skrini, dakika moja. Ya mshale yabadilishwe uso wa geji, na gharama abebe muuzaji, si wewe.

Kama unalo tayari, bandika kikaratasi karibu na usukani: 50 ni 31, 80 ni 50, 100 ni 62. Na ukimwazima rafiki gari, mwambie kabla hajawasha.