Singeli nayo inahitaji otomesheni

Ndugu mwandishi, umeeleza otomesheni vizuri, ila pale uliposema singeli haihitaji otomesheni kwa kuwa yenyewe ni mbio tu, hapo sikubali. Natengeneza biti hapa Tunduma, na wasanii wengine wanavuka kutoka Nakonde wakitaka ladha ya kwao Zambia, kwa hiyo leo nafanya wimbo wa BPM 100, kesho singeli ya 240. Programu ya FL Studio ni ileile. Unabofya nobu ya filta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unatengeneza klipu ya otomesheni, sauti inafunguka taratibu mpaka kiitikio. Baa 8 kwenye BPM 120 ni sekunde 16, kwenye 240 ni sekunde 8, na hizo 8 zinatosha kabisa kumpandisha mtu mzuka! Na wewe uliyelalamika hapo juu kwamba LFO yako inapishana na ngoma ukiongeza kasi, nadhani umeiweka kwa hezi. Ifunge kwenye tempo ya wimbo, itakwenda nayo. Halafu sikilizeni albamu ya singeli Sounds of Sisso ya 2017, kazi ya vijana wa Mburahati, Dar es Salaam, ila tumieni hedifoni, spika ya simu inaficha mengi.