Kisa Kitangulie, Mashine Ifuate

UBAO NA CHAKI
Na Mwalimu Hamisi Ssenyonga

Mjadala wa kufundisha sayansi katika shule zetu umegeuka kuwa mjadala wa vifaa. Tunaulizana shule ina kompyuta ngapi, projekta ipo au haipo, intaneti inafika darasani au inaishia ofisini kwa mwalimu mkuu. Hayo ni maswali halali, na mwalimu yeyote wa sayansi angefurahi kuvipata vifaa hivyo vyote. Hata hivyo, ninaamini tumekosea mpangilio. Tunamwonyesha mwanafunzi picha kabla hajawa na hamu ya kuiona, na tunampa jibu kabla hajauliza. Kinachozaa swali ni kisa, na ushahidi wa hilo haupo mbali: upo Mulago, Kampala.

Mwaka 1957, daktari wa upasuaji Denis Burkitt alionyeshwa katika Hospitali ya Mulago mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Haukupita muda mrefu akakutana na mtoto mwingine wa namna hiyo Jinja. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya saratani hiyo, lakini swali lililomsumbua lilikuwa jingine: kwa nini ugonjwa uko huku na kule haupo? Akaziandikia hospitali nyingi za Afrika, akachora ramani, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari kuukuu takribani kilomita 16,000 wakitafuta mpaka wa ugonjwa huo. Ramani ilifuata joto na mvua. Nyanda za juu zenye baridi zilisalimika. Mapema mwaka huohuo, kabla ya safari hiyo, alikuwa ameuelezea ugonjwa huo London, na mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akahisi kwamba huenda virusi vinahusika. Vipande vya uvimbe vikapelekwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona virusi hivyo kwa hadubini ya elektroni. Hadubini za aina hiyo zilikuwapo tangu miaka ya 1930. Zilisubiri mtu wa kuziambia zitazame wapi.

Darasani mambo huenda vivyo hivyo. Mwanafunzi akioneshwa picha ya virusi tu, ataona duara na kuikariri. Akiipata baada ya kuifuata ramani ya Burkitt na kukisia chanzo cha ugonjwa, picha ileile inakuwa hukumu ya kesi aliyoshiriki kuisikiliza. Utafiti unaunga mkono hoja hii. Mwaka 2021 Raymond Mar na wenzake nchini Kanada walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi zilizohusisha watu zaidi ya 33,000, wakakuta kwamba maandishi ya kisimulizi hueleweka na kukumbukwa vizuri kuliko ya maelezo matupu. Kisa hufunga tukio na sababu yake, na kutafuta sababu ndiyo kazi ya sayansi.

Wapo watakaosema skrini huonyesha kisichoonekana kwa macho, hasa pale ambapo maabara haina vifaa. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi mashine iondolewe. Lakini ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilionya kwamba ushahidi thabiti wa faida ya teknolojia za kidijitali katika elimu ni haba, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliopo hutoka kwa wanaoziuza. Wengine watasema muda hautoshi, mitihani inangoja. Mtaala mpya wa sekondari ya chini nchini Uganda ulioanza mwaka 2020 unataka mwanafunzi atumie maarifa, si kuyarudia tu; kisa kilichochaguliwa vizuri ndicho mazoezi ya kazi hiyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba masimulizi huchanganya ukweli na ngano. Kila mtoto wa Buganda anajua ngano ya Walumbe alivyoleta kifo, na ngano hiyo haiombi kupimwa. Kisa cha sayansi lazima kikubali kupimwa, na cha Burkitt kilipimwa: alidhani mbu ndio wanaoeneza virusi hivyo, lakini uchunguzi ukaonyesha kuwa virusi hivyo viko duniani kote na huenezwa kwa mate, na kwamba mchango wa mbu ni malaria, inayodhoofisha kinga ya mtoto. Mwanafunzi anayeuona mkondo huo anajifunza namna sayansi inavyojisahihisha, jambo ambalo picha peke yake haiwezi kumfundisha.

Basi Kituo cha Taifa cha Kuendeleza Mitaala kiandae visa vya sayansi ya nyumbani: Mulago; msitu wa Zika karibu na Entebbe, ambako virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947; na Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanzania ambaye swali lake kuhusu maziwa ya moto yanayowahi kuganda kuliko ya baridi lilifika kwenye jarida la kisayansi mwaka 1969. Vyuo vya ualimu vimfundishe mwalimu kusimulia kwa usahihi na kusimama pale darasa linapopaswa kukisia. Kila shilingi inayotengwa kwa skrini iambatane na maandalizi hayo, kwa sababu kifaa kisicho na swali ni gharama isiyo na somo.