Mapukutiko ya Minnesota, vuli ya Tanga

Nakubaliana na wanaosema kwamba mapukutiko ndiyo msimu mtamu kuliko yote huku Marekani, ila naona wanaisifia mno New England na kuisahau Minnesota. Shika barabara ya ziwani kutoka Duluth kwenda kaskazini, mwishoni mwa Septemba, uone miti ya maple inavyowaka vilimani. Siku zikifupika, jani huacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na njano iliyokuwamo tangu mwanzo hujitokeza. Wekundu ni habari nyingine: huo hutengenezwa wakati huohuo, na hukolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa na baridi isiyofikia kugandisha.

Nyumbani Tanga miezi hiyohiyo ni vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba, nyepesi kuliko masika, na maembe yanaanza kujaa sokoni. Nikiulizwa, kwa macho nachagua Minnesota. Kwa tumbo, Tanga! Huku boga huchongwa macho na meno, kisha huachwa lioze barazani. Kwa sisi tuliolelewa kwa boga la nazi, hiyo ni dhambi kabisa.

Kwenu wageni: msisubiri Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo saa hurudishwa nyuma, ikifika saa kumi na moja na nusu jioni giza limeshaingia, na majani yamekwisha. Nendeni mapema, na msisahau koti.