Nyumba Isiyo na Karatasi



Kila serikali inayokuja hutuletea hesabu ya nyumba. Wabelgiji walikuwa na Mpango wa Miaka Kumi, 1949 mpaka 1959, na mwaka 1952 wakaunda Office des Cités Africaines, iliyosimamisha maelfu ya nyumba kule Léopoldville na Élisabethville. Hapa kwetu Jadotville, mji unaoitwa Likasi tangu 1966, mjenzi mkubwa alikuwa Union Minière.

Hatukatai, kuta za kampi zilikuwa imara. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kompani ilitaka mfanyakazi akae na mke na watoto, maana ilichoka kutafuta watu wapya kila mara. Lakini nyumba ile ilikuwa chombo cha kazi, kama koleo na taa. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Mtu alichimba shaba miaka ishirini, akatoka na godoro kichwani! Na tusisahau kwamba ni mwaka 1953 tu amri ilipomruhusu Mkongo kuwa na ardhi kwa jina lake mwenyewe.

Leo je? Sheria ya 1973 inasema ardhi ni ya Serikali, na raia hupata haki yake kwa sertifika. Vema. Lakini Buluo watu wanajenga wenyewe: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mabati siku fedha ikipatikana. Wengi wao hawana sertifika, wana karatasi ya mauzo tu yenye sahihi za mashahidi. Baba akifa, mjane ataonyesha nini mbele ya ndugu za mume wanaodai nyumba?

Sisi makarani wa mgodi tunajua jambo moja: tani haiandikwi kitabuni siku ya kuahidiwa, huandikwa ikishapimwa. Wakubwa wa mipango nao wahesabu hivyo. Nyumba iandikwe siku mwenyewe anaposhika sertifika na maji yanapofika uani.

Wasituambie fedha hakuna. Sheria ya madini ya 2018 inatoa asilimia 25 ya ushuru wa madini kwa jimbo, na asilimia 15 kwa mji au komine yanapochimbwa. Tunadai sehemu ya fedha hiyo ipime viwanja vya Buluo na kupunguza gharama ya sertifika, wajane wakitangulia. Na hesabu yake ibandikwe ukutani mwa ofisi ya komine, kwa Kiswahili.