Mzazi anayelea peke yake akiugua, nani atavusha mzigo?

Alfajiri, kabla foleni ya malori ya Namanga haijaanza kusogea, wachuuzi wenye matenga ya nyanya na mafurushi ya vitenge huwa wamekwisha kufika. Miongoni mwao wamo wanaolea watoto peke yao: waliofiwa, walioachwa, na wale ambao wenzao walikwenda kutafuta maisha mbali na hawakurudi.

Kwa mzazi wa aina hiyo, homa ya mtoto ya usiku mmoja ni hesabu ya biashara. Akibaki nyumbani, nyanya zinaoza, mteja wa upande wa pili anahamia kwa muuzaji mwingine, na siku ya marejesho ya mkopo haisogei. Akienda mpakani, mtoto anabaki kwa jirani, au kwa dada yake mdogo ambaye siku hiyo hataonekana shuleni. Na akiugua mzazi mwenyewe, vyote viwili vinasimama kwa pamoja, yaani biashara na malezi.

Sheria za kazi za Afrika Mashariki zinaujua ugonjwa, lakini zinamjua mgonjwa mwenye mwajiri. Hata kwa huyo, haki yake inategemea amesimama upande gani wa mpaka. Tanzania, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inampa mwajiriwa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inampa aliyetimiza miezi miwili kazini angalau siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu malipo kwa mwaka. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inamlinda kwa mshahara kamili katika mwezi wa kwanza wa ugonjwa.

Hivyo makarani wawili wa mawakala wa forodha wanaofanya kazi katika kituo kimoja cha huduma kwa pamoja, wakiugua ugonjwa mmoja wiki moja, watarudi kazini wakiwa na mifuko tofauti.

Mtoto anapougua, pengo linakuwa kubwa zaidi. Sheria ya Tanzania inatoa angalau siku 4 zenye malipo, lakini siku hizo zinajumuisha pia misiba ya mwenzi, mzazi au ndugu, na zinahesabiwa ndani ya mzunguko uleule wa miezi 36. Mwenye mtoto mdogo katika eneo la malaria anaweza kuzimaliza katika msimu mmoja wa mvua. Kenya haikuweka likizo maalumu ya kumuuguza mtoto, kwa hiyo mzazi hukata kutoka katika likizo yake ya mwaka. Nyumba yenye wazazi wawili inaweza kupokezana. Mzazi aliye peke yake hana wa kumpokea.

Mchuuzi anayejiajiri hata hayo machache hayamfikii. Anaambiwa akate bima, na ushauri huo ni mzuri. Kenya sasa ina mfuko wa bima ya afya ya jamii ambao asiye na ajira rasmi huchangia asilimia 2.75 ya kipato cha kaya, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 za Kenya kwa mwezi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Rwanda imejenga kwa miaka mingi bima ya afya ya jamii, ile mituweli inayojulikana hadi vijijini.

Lakini bima hizo zinalipa hospitali. Siku iliyopotea hazilipi. Mama anaweza kutibiwa bila kutoa hata senti moja na bado akarudi nyumbani mtaji ukiwa umeliwa: kodi ya chumba imetoka humo, chakula kimetoka humo, rejesho limetoka humo. Wiki inayofuata anakwenda kwa wakopeshaji wa kausha damu ili aanze upya. Hapo ndipo biashara nyingi ndogo za mpakani zinapofia, hata kama mwenyewe amepona.

Jumuiya ya Afrika Mashariki haiwezi kusema jambo hili halikuonekana. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inasema katika kifungu cha 10 kwamba mfanyakazi kutoka nchi mwanachama atapata mafao ya hifadhi ya jamii ya nchi anakofanyia kazi. Kifungu cha 13 kinakwenda mbali zaidi na kumruhusu anayejiajiri katika nchi nyingine mwanachama kujiunga na mfuko wa hifadhi ya jamii wa nchi hiyo, kwa kufuata sheria zake. Kwa mchuuzi wa Busia, Mutukula au Rusumo, maneno hayo bado yako kwenye karatasi. Anajua cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, kwa sababu kuna mtu alimweleza. Hajaelezwa kwamba itifaki hiyohiyo inamtambua pia anapougua.

La kwanza basi ni kumweleza. Madawati ya taarifa za biashara yaliyopo mipakani yapewe na kazi hii: mfuko upi unapokea wasio na ajira rasmi, kiwango ni kipi, mafao ni yapi, na kadi inatumika upande gani.

La pili ni mafao yenyewe. Mifuko ya pensheni imefungua milango kwa sekta isiyo rasmi, lakini ahadi yake kubwa ni ya uzeeni. Mzazi wa miaka 30 mwenye watoto watatu anahitaji pia fao dogo la muda mfupi, la siku chache za kulazwa yeye au mwanawe. Kuchangia kwa pamoja ili mmoja asielemewe si jambo geni katika ukanda huu: Rwanda ilitunga mwaka 2016 sheria ya mfuko wa mafao ya uzazi ili gharama isibaki kwa mwajiri peke yake. Kilichowezekana kwa uzazi wa mwajiriwa kinaweza kujaribiwa kwa ugonjwa wa mchuuzi.

La tatu liko mikononi mwa wafanyabiashara wenyewe. Vikundi vingi vya vikoba vina mfuko wa jamii unaofunguliwa kwa misiba. Kikundi kinaweza kuandika katika katiba yake kwamba mwanachama aliyelazwa, au mwenye mtoto aliyelazwa, anapata kiasi kilichokubaliwa kwa siku kadhaa, rejesho lake linasogezwa bila faini, na mwenzake anamuuzia mzigo kabla haujaharibika. Makubaliano hayo yaandikwe mapema, maana mtu akiwa wodini hana nguvu ya kubishana na mweka hazina.

Kuna na la nne, ambalo wafanyabiashara hawapendi kulisikia. Wengi wao nao ni waajiri. Wana msichana wa dukani, kijana wa stoo, dada anayewalelea watoto. Anayelalamika kwamba hana siku ya kuugua, kisha akamkata posho msaidizi aliyempeleka mtoto zahanati, anaendeleza yaleyale yanayomuumiza. Sheria zilizotajwa hapo juu zinamhusu na yeye. Kinachotakiwa kwa msaidizi ni cheti cha daktari. Kumtishia kazi yake si sehemu ya sheria.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Walisema hivyo wakijua kwamba jikoni yupo mtu wa kuupika. Kwa mzazi anayelea peke yake, mtu huyo ni lazima atokane na kikundi chake, na mfuko anaouchangia, na Jumuiya iliyomwahidi soko moja.